Walimwambia Limekwisha Chimbwa

Tanganyika ilipopata uhuru, wakubwa wa mzee huyu Mwingereza walimfungia masanduku yake na kumhamishia visiwa vya Pasifiki, kama ofisi inavyohamisha kabati. Alinieleza hivyo mwenyewe asubuhi ya kwanza nilipokwenda kumwogesha nyumbani kwake Stanmore, London. Alikuwa amepita miaka tisini. Macho yake yalibaki kutofautisha mwanga na kivuli tu, na miguu haikumbeba tena. Nilipomwambia natoka Tanga, aliinua kidevu kutoka kwenye mto akasema kwa Kiswahili, "Basi niamkie."

Nikasema shikamoo. Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka hamsini na miwili, nimesimama na beseni la maji mkononi, na neno lilitoka kabla sijalipima. Akaitikia marahaba, akafumba macho kwa raha. Alikuwa amekaa kwetu miaka michache ya mwisho ya ukoloni, kijana aliyetoka chuoni moja kwa moja, akisikiliza kesi za mipaka na kukagua kodi. Watu wa wilaya ile walimwita Bwana Shauri, kama walivyowaita maofisa wote wa daraja lake. Alilichukua jina hilo akazeeka nalo. Hakutaka nimwite vingine.

Mimi shule niliiacha darasa la sita. Sikukosa akili wala ada. Kulikuwa na lori la machungwa lililokuwa likienda Mombasa, nami nilitaka kuona linashushia wapi. Tangu siku hiyo sijatulia. Nimepika Dubai, nimechuma zeituni Ugiriki, nimeosha magari Wembley, nimefagia mabehewa ya treni. Kila nilipofika nilisoma kilichokuwepo: karatasi za dawa, magazeti ya kufungia samaki, vitabu vya watu. Kazi ya kutunza wazee majumbani niliipenda kwa sababu hiyo. Inakuingiza kwenye nyumba ya mtu na kukuacha mbele ya rafu yake ya vitabu.

Kwa Bwana Shauri tulikwenda wawili. Mgonjwa asiyeweza kusimama huinuliwa kitandani kwa winchi ndogo yenye mkoba wa kitambaa, na kanuni inataka mmoja amshike mgonjwa, mwingine abonyeze kitufe. Mwenzangu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye pasipoti ya Fiji. London nzima ikisikia Fiji inauliza habari za raga.

"Anko," aliniambia siku ya kwanza, ameshikilia mguu wa mzee, "ukiniuliza raga, naachia huu mguu."

Nikamwuliza kwao wanakula nini asubuhi. Akacheka, akasema hiyo ndiyo mara ya kwanza anaulizwa swali la maana katika nchi hii, kisha akaniambia kwamba yeye si Mfiji.

Ilinichukua wiki kadhaa za kungojea basi pamoja naye kuielewa habari yake, na mengine nilikwenda kuyasoma mwenyewe maktaba. Asili yake ni Banaba, kisiwa kidogo ambacho mtu anaweza kukizunguka kwa miguu asubuhi moja na akawahi chakula cha mchana. Mwanzoni mwa karne iliyopita Mzungu mmoja aligundua kwamba udongo wake ni mbolea tupu. Wenyeji wakaletewa mkataba wa kuchimba, wa miaka mia tisa tisini na tisa, ukatiwa alama na mtu ambaye hakuwa na mamlaka juu ya mashamba ya wenzake. Kisiwa kikaanza kupakiwa melini. Kikamwagwa kwenye malisho ya Australia na New Zealand, kikawa majani, kikawa kondoo. Wenyeji walipokataa kutoa mashamba zaidi, ilitafutwa sheria ya kuyachukua. Ikaja vita, Wajapani wakaua wengi na kuwatawanya waliobaki. Vita ilipokwisha, Waingereza waliwakusanya wakawaambia vijiji vyao vimeharibika, hakuna pa kurudi. Wakapelekwa Rabi, kisiwa cha Fiji kilichonunuliwa kwa fedha zao wenyewe za mbolea, wakateremshwa kwenye mahema msimu wa mvua na tufani. Uchimbaji ukaendelea bila wao.

Walikuja kushitaki hapahapa London. Mahakama iliwasikiliza kwa muda mrefu sana, kisha ikaona kwamba walitendewa vibaya, lakini si kwa namna ambayo sheria inaweza kuishika. Miaka michache baadaye visiwa vyote vile, pamoja na Banaba, vilipewa uhuru na kuitwa Kiribati. Ulikuwa mwaka uleule ambao mbolea iliisha. Watu wa Banaba walikuwa wameomba wasiunganishwe na nchi hiyo. Ombi lao likaishia kwenye makabati, na makabati ya nchi hii nayajua, nimeyapangusa vumbi mengi.

Jambo lililonikaa zaidi kichwani halikuwa kwenye kitabu chochote. Mwenzangu aliniambia kwamba watu wao bado wanarithishana mashamba ya Banaba. Kila shamba lina jina lake. Mzazi akiona siku zake zimekaribia, huwaita watoto na jamaa ukumbini, akataja mashamba moja baada ya jingine na kusema hili la huyu, hili la yule. Jamaa wanasikiliza, mwenye pingamizi anasema palepale. Mengi ya mashamba hayo hayapo. Udongo ulikwenda, yamebaki mawe yaliyochongoka kama meno, mtu hawezi hata kupita. Lakini yanagawiwa, na watu wanayagombea.

"Mnagombea mashimo?" nilimwuliza.

"Ninyi kwenu hamgombei makaburi?"

Basi likaja, tukapanda.

Mama yake alikuwa Rabi, figo zimechoka, na siku ya kugawa ilikuwa imepangwa mwisho wa mwezi ule. Mashamba manne hayakuwa na neno. La tano lilikuwa na ugomvi. Lilikuwa la bibi yake, mama wa mama, na binamu za mama walisema bibi alishaliuza. Wanawake wengine walikataa kuuza, walisema, ila yeye alitia kidole gumba kwenye karatasi ya Wazungu. Kwa hiyo kizazi chake hakina haki ya kulitaja shamba hilo. Bibi aliapa mpaka anakufa kwamba hakutia kidole, kwamba ofisa mmoja alimwambia limekwisha chimbwa akarudi Rabi mikono mitupu. Hakuna aliyemwamini. Pale Rabi waliitwa familia ya muuzaji. Mwenzangu mwenyewe aliitwa hivyo shuleni.

"Mama hataki ule udongo," aliniambia. "Anataka alitaje shamba mbele ya watu na wote wanyamaze. Basi."

Kwenye ukuta wa chumba cha Bwana Shauri kulikuwa na picha ya mkono mrefu wa chuma uliotoka ufukweni kwenda baharini, wa kumwagia mbolea kwenye meli. Mwenzangu alikuwa ameutambua tangu siku ya kwanza. Kila mtoto wa Rabi anaujua mkono ule wa Banaba. Nilimwuliza kwa nini hasemi kitu.

"Nikimwuliza, atanieleza. Sitaki kuelezwa na yeye."

Basi akawa anamvika soksi na kunyamaza.

Asubuhi moja mzee akaniambia nifungue droo chini ya nguo za ndani. Kulikuwa na madaftari matatu yenye majalada meusi. Alitaka nimsomee kidogo kila siku baada ya kuoga, maana yeye haoni tena. Nikafungua la juu, nikakuta Kiswahili. Mwandiko wa wino wa bluu, herufi zimelala upande mmoja, Kiswahili safi cha mtu aliyefanya mtihani ili apandishwe cheo.

"Haya si ya Tanganyika," nikasema. "Ni ya Pasifiki."

"Naam. Makarani wa kule walisoma Kiingereza vizuri kuliko mimi." Alianza kucheka. "Waliniibia kila barua. Kiswahili je? Nani angesoma Kiswahili kule?"

Alicheka mpaka akakohoa, ikabidi nimshikie kikombe. Nami nilicheka. Naandika hilo kwa sababu ni kweli.

Kwa siku nyingi yalikuwa mambo ya hovyo: mvua, ugomvi wa wachimbaji kutoka visiwa jirani, bei ya samaki wa kopo, mke wake kuumwa kichwa. Nilisoma kama mtu anayesoma ratiba ya basi. Mwenzangu hakuelewa neno, aliendelea na kazi zake. Kisha ikaja siku nikasoma ukurasa ambao naukumbuka wote, maana niliurudia kwa mdomo na kwa kichwa mara nyingi baadaye:

"Bibi huyu amekuja kwa meli kutoka Rabi kuomba ruhusa ya kutazama shamba lake. Amekataa kuweka kidole. Shamba halijaguswa, minazi ingalipo. Nimemwambia limekwisha chimbwa, na njia ni ya hatari, asiende. Amelia sana. Karani ameandika kuwa amekubali."

Jina la bibi lilikuwepo, na jina la shamba, mara mbili. Siyaandiki hapa, si yangu. Nilipotaja la shamba mara ya kwanza, mikono ya mwenzangu ilisimama, soksi imefika kisigino. Nilipolitaja mara ya pili aliniangalia. Mzee alikuwa amefumba macho.

"Endelea," akasema Bwana Shauri. "Yule alikuwa mgumu kweli."

Kituoni nilimtafsiria mwenzangu neno kwa neno. Basi letu lilikuja likaondoka. Akataka nirudie, nikarudia. Alikuwa akilia huku anacheka, anapiga goti lake kwa ngumi.

"Hakutia kidole. Anko, hakutia! Imeandikwa!"

"Kwa mkono wake mwenyewe."

"Kesho piga picha. Mimi siwezi kuujua ukurasa, wewe unaujua. Sekunde mbili, anko, mimi nitakuwa nampangusa uso."

Nikamwambia hapana.

Kupiga picha nyumbani kwa mteja kulikatazwa, na mtu akisoma hapa anaweza kudhani niliogopa kufukuzwa. Kazi nimefukuzwa mara nyingi, sikuogopa hilo. Niliona aibu. Nilimwambia mtu mzima haibiwi neno lake kutoka chini ya nguo zake za ndani. Nilimwambia kwetu ukitaka kitu kikubwa kwa mzee, unakwenda, unakaa, unamwamkia, unajitambulisha wewe ni mtoto wa nani na umetokea wapi, halafu ndipo unaomba. Na mzee akishakujua, kukunyima ni aibu yake. Nilisema yuko ukingoni mwa kaburi, atafurahi kuutua mzigo. Nilisema ananipenda.

"Anakupenda?"

"Kila siku namwamkia, ananiitikia."

"Anko," akasema, "mtu huyu alimwona bibi yangu analia akaandika kwenye daftari."

Lakini mimi ni mkubwa wake, na kwetu na kwao mdogo huishia kukubali. Alikubali.

Kesho yake tulimwogesha, tukamkalisha kitini, tukamfunika blanketi ya magotini. Nikavuta stuli nikakaa chini yake kidogo, kama inavyotakiwa. Nikamwamkia upya. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba nina ombi, ila kwanza nimjulishe mgeni. Nikamweleza kwamba huyu dada anayemvika soksi kila siku ni mtu wa Banaba aliyezaliwa Rabi, mama yake ni mgonjwa, na bibi yake ndiye yule wa ukurasa wa jana. Nikaeleza habari ya kidole, ya binamu, ya kugawa mashamba mwisho wa mwezi. Niliipanga vizuri. Sijawahi kusema Kiswahili kizuri kama kile katika mji huu. Mwisho nikasema tunaomba ruhusa yake kuupiga picha ukurasa mmoja.

Uso wake ulikuwa umeelekea upande ambao hatukuwepo.

"Mjukuu?" akauliza.

"Mjukuu."

Akageuka akamwambia mwenzangu kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayefunga kesi, "Bibi yako alikuwa mkorofi."

"Ndiyo, bwana," mwenzangu akajibu. "Ametuachia huo ukorofi."

Mzee akatabasamu kidogo. Kisha akanirudia mimi kwa Kiswahili. "Njoo kesho. Tutazungumza."

Pale kituoni mwenzangu aliniuliza amesema nini. Nikamwambia amesema tuje kesho. Akanitazama kama mtu anayetazama ndoo inayovuja.

"Sisi kwetu neno hilo tunalijua," akasema. "Wewe kwenu hamlijui?"

Nalijua. Mama yangu aliambiwa njoo kesho na ofisi ya ardhi ya Tanga mpaka alipozikwa. Daftari lilikuwa chini ya mkono wangu asubuhi ile, juu ya kitanda, limefunguka ukurasa wenyewe. Mzee haoni. Nililifunga nikalirudisha droo, nikaweka nguo juu yake vizuri.

Kesho yake mlango ulifunguliwa na binti yake, mwanamke wa makamo anayekaa Harrow, ambaye kwa kawaida alikuja Jumapili. Hakuwa na ubaya. Alinikaribisha peke yangu, akasema ofisi iliyotuajiri imeshapigiwa simu, kwamba mwenzangu hatakuja tena, maana baba amesumbuliwa na mambo ya siasa. Tayari walikuwa wamemtuma mwanamume wa Kikongo kushika nafasi yake. Tulipokwisha kumwogesha mzee, nikafungua droo. Nguo zilikuwepo.

"Madaftari?" nikauliza.

"Ah, yale," binti akasema. "Baba aliniambia jana niyapitishe kwenye mashine ya kukatia karatasi. Amesema ni mambo ya ofisi, ya watu, si vizuri kuyaacha. Nilikesha nayo, ile mashine ndogo ilipata moto." Akanionesha mfuko uliokuwa ukumbini, karibu na viatu. "Nampelekea mwanangu awatandikie sungura."

Niliinama nikaangalia. Mashine ile haikukata vipande virefu. Ilikuwa imekata punje, kama mchele. Nyingine zilikuwa na doa la bluu.

Bwana Shauri alikuwa kitini, ameshachanwa nywele. "Tanga," akaniita, "leo unanisomea nini?"

Nilichukua gazeti nikamsomea habari ya hali ya hewa. Nililipwa hadi mwisho wa wiki ile, ndipo nikaacha.

Siku ya kugawa mashamba ilikuwa Jumamosi. Asubuhi kwetu, jioni kwao. Nilikwenda chumbani kwa mwenzangu Harrow, akaisimamisha simu kwenye kopo la chai. Mtandao wa Rabi ulikuja na kukatika. Niliona mikeka, watu wengi wamekaa sakafuni wamekunja miguu, na mama mwembamba ameegemezwa kwenye magodoro. Alitaja mashamba manne. Kila akitaja watu waliitikia kwa pamoja. Akataja la tano. Mwanamume mmoja mnene akainua mkono kabla hajamaliza.

Mwenzangu akanisukuma mbele ya simu. "Sema kwanza kwa Kiswahili, kama kilivyoandikwa. Nataka wakisikie."

Nikausema ukurasa wote kwa moyo. Ukumbi mzima ulinyamaza ukinisikiliza nikisema maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. Nilipotaja jina la bibi na la shamba, vichwa viligeuka. Kisha mwenzangu akatafsiri. Kukawa na kelele. Yule mnene akauliza swali, na hilo sikuhitaji kutafsiriwa.

"Anasema karatasi iko wapi," mwenzangu akaniambia.

Nikaeleza ilivyokuwa. Mwenzangu alipofika kwenye sungura katika kutafsiri, wengine walicheka. Mnene akasema kitu, wakacheka zaidi.

"Anasema nimekulipa nini."

Mama aliinua kiganja, wakanyamaza. Aliniuliza mimi moja kwa moja, mwanawe akitafsiri taratibu. Je, nilikuwa nalo daftari mkononi? Nikasema ndiyo. Siku ile ya pili pia? Nikasema ndiyo. Yule mzee anaona? Nikasema haoni.

"Basi kwa nini ulilirudisha?"

Nikasema nilitaka kumwomba ruhusa kwanza.

Mwenzangu alitafsiri akitazama sakafu. Mama yake akasema maneno machache, si kwangu, wala si kwa ukumbi. Akavuta shuka, akaendelea na kugawa mikeka na vyombo. Shamba la tano halikutajwa tena, na mama yule alifariki kabla mwezi uliofuata haujaisha.

Mwenzangu alinisindikiza mpaka kituo cha treni. Nilimwuliza mama alisema nini mwishoni. Alikataa kuniambia. Nikauliza tena getini, nimeshagusisha kadi, watu wananipita pande zote.

"Amesema bibi naye aliomba ruhusa."